Asiye na Kinga Haingii

Wiki iliyopita, nilipokuwa nakabidhi funguo za ofisi ya lango, karani mpya, Citoyenne Ngoie, aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza habari za madaftari wala za orodha ya wafanyakazi. Aliuliza ni nani aliyekosea kutundika kibao cha usalama kwenye banda la baiskeli. Nilimjibu kwamba hakuna aliyekosea kukitundika. Aliyekosea ni aliyekiandika, na huyo ni mimi.

Kibao chenyewe mnakifahamu, ninyi mnaobaki kazini. Herufi zake nyeupe zimefifia juu ya mbao ya bluu: KUANZIA JUMATATU, ASIYE NA KINGA HAINGII. Mnaegesha baiskeli zenu chini yake kila asubuhi na mnadhani ni mzaha wa wazee. Sasa nimestaafu, na mke wangu amekwisha kuniambia nisikae katikati ya ukumbi anapofagia, kwa hiyo nina nafasi ya kuwaeleza kibao hicho kilivyofika pale. Kwa atakayesoma haya akiwa mbali na Kolwezi, ajue kwanza kwamba Kiswahili cha vitabuni kinaita kinga kitu chochote kinachomlinda mtu na madhara. Kiswahili chetu cha hapa mgodini kinaiita baiskeli kinga. Neno ni lilelile, na mimi nilitumbukia katikati yake mzimamzima.

Nilifika Kolwezi mwaka ule nchi ilipobadilishwa jina ikawa Zaïre, na watu wakaanza kuitana Citoyen na Citoyenne, yaani mwananchi. Nilitoka kaskazini, upande wa Ziwa Tanganyika, ambako nilikuwa mwalimu katika shule ya mapadri. Kiswahili changu kilikuwa cha ubaoni, na ngeli zake zote zilikaa mstarini kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha. Kampuni iliniajiri kuwa karani wa mahudhurio kwenye karakana kuu, pale panapotengenezwa vyuma vya mgodi, kilomita kumi kutoka Manika, mtaa tunakoishi wafanyakazi. Vyeo nilivyopanda baadaye havina hadithi. Hadithi iko kwenye kile kibanda cha lango.

Ndani ya kibanda kulikuwa na ubao mpana wenye misumari, na kwenye kila msumari kilining'inia kisahani cha shaba kilichogongwa namba. Tulikiita jetoni. Asubuhi nilipandisha kifuniko cha mbao kilichofunika ubao, na kila mtu akachukua jetoni yake. King'ora kilipolia saa moja kamili, nilishusha kifuniko na kuzungusha ufunguo. Jetoni iliyobaki ndani ilikuwa ya mtu aliyechelewa, na jina lake niliandika kwa kalamu nyekundu. Ni kazi rahisi ambayo mtu yeyote anaiweza, ilimradi hana rafiki.

Mimi nilipata rafiki siku ya kwanza. Mlinzi alikuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye mlango wa kibanda, nami nikauliza kwa adabu zangu zote za darasani: "Tafadhali, baiskeli hii ni ya nani? Inaziba mlango."

Watu waliokuwa kwenye foleni walitazamana. Mmoja wao, mwanaume mrefu mwenye ovaroli safi kuliko zote, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baiskeli! Tata mwalimu, we unatoka mu Bible? Apa tunasema kinga. Sema: kinga."

"Kinga," nikasema.

"Bon. Sasa uko mutu wa Kolwezi. Leta jetoni yangu."

Huyo alikuwa Tata Mutombo (tata kwetu ni baba), fundi wa kukereza vyuma, tourneur kwa Kifaransa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini. Alinizidi umri kwa miaka mingi. Hakuna mkuu aliyemtuma anifundishe kazi, ila aliniona natapatapa akaamua mwenyewe. Alinionyesha jinsi ya kutia mafuta bawaba za kifuniko ili kisinibane vidole. Aliniambia nijifunze kuwatambua watu kwa mikono yao, maana asubuhi ya baridi ya Juni wote huja wameinamisha nyuso. Na siku aliponikuta nachonga ile kalamu nyekundu, aliichukua akaitazama ncha yake.

"Hii isikuwe na meno sana, Kisimba," alisema. "Utaanza kuipenda."

Tuliishi hivyo miaka kadhaa, mimi na ubao wangu, yeye na mashine yake. Mabasi ya kampuni yalichukua watu Manika asubuhi na kuwarudisha jioni, na kalamu nyekundu ilidumu miezi. Kisha ikafika miaka ile vipuri vilipoacha kuja. Basi la kwanza lilikufa gia. La pili likala vyuma vya la kwanza, la tatu likala vya la pili, halafu halikubaki la kuliwa. Watu wakaanza kutembea kwa miguu. Vijana walifika wakihema. Wazee walifika wakati kifuniko kimekwisha kushuka, na kalamu yangu ikawa inaisha kila baada ya wiki mbili.

Mkuu wa karakana wakati ule alikuwa Citoyen Ngandu, mtu mfupi wa haraka, mkali kwa saa moja na mpole kwa siku nzima. Aliniita ofisini, abacost yake, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, imefungwa mpaka shingoni.

"Kisimba, basi imekufa. Batu bakuye na kinga. We unajua kuandika, fanya mupango."

Alitaka watu waje kwa baiskeli, na mpango wangu wa kwanza ulikuwa barua. Niliandika kwa Kifaransa, nikaiweka chini yake kwa Kiswahili, kwamba kampuni inawahimiza wafanyakazi wote watumie baiskeli kwa afya na kwa kuwahi kazini. Niliandika baiskeli, si kinga. Mdomo wangu ulikuwa umehamia Kolwezi zamani, lakini mkono wangu ulikuwa bado unaishi kule ziwani. Mkumbuke hilo, tutalirudia. Barua ilikaa ukutani mwezi mzima. Waliokuwa na baiskeli kabla yake waliendelea kuja nazo, wanne. Wengine waliisoma, wakasema Kiswahili chake ni kizuri sana, wakaenda zao kwa miguu.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Niliacha kuandika, nikaanza kuuliza. Nilitembea nao jioni kurudi Manika, kila siku na kundi jingine, nikasikia sababu ambazo hakuna mkuu angezikisia akiwa kwenye kiti. Mmoja alikuwa na baiskeli nyumbani lakini aliogopa kuiacha nje ya ukuta, kwa kuwa tandiko lingeondoka kabla ya saa sita. Mwingine aliniambia kwamba tairi likipasuka njiani atachelewa zaidi ya anayetembea, na mimi nitamwandika vilevile. Mwingine hakutaka kufika ana tope mpaka magotini na kusimama hivyo mbele ya mashine siku nzima. Lakini sababu kubwa, iliyotolewa kwa sauti ya chini, ilikuwa heshima. Katika barabara zetu, baiskeli ilikuwa ya muuza makala, kama tunavyoyaita makaa ya kupikia. Unamwona amefunga magunia mawili ya makala nyuma, anasukuma, mweusi mpaka kwenye kope. Mtu wa kampuni, mwenye namba yake ya shaba, alipanda basi.

Tukaanza kurekebisha moja baada ya jingine. Mafundi wa kuchomelea walijenga banda kwa mabomba ya zamani na mabati, ndani ya ukuta, mbele ya macho ya mlinzi. Tuliweka pampu, na nikaifunga kwa mnyororo. Pampu isiyofungwa ni zawadi. Kando yake tukaweka ndoo ya maji ya kutafutia tundu na kopo la gundi. Citoyen Ngandu alikubali kwamba mwenye kunionyesha tairi lililopasuka asiandikwe, na kwamba wenye tope wapewe dakika kumi na bomba la maji. Na Jumatatu moja alikuja yeye mwenyewe na baiskeli, amebana mguu wa suruali kwa kibanio cha nguo cha mkewe. Hilo lilifanya kazi kuliko barua yangu. Kutoka wanne wakawa kama kumi na watano. Kisha idadi ikakwama hapo.

Tata Mutombo hakuwa mmoja wao. Alitembea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kumsumbua, na kilomita kumi kwa mguu kama ule si mchezo. Mara nyingi aliwahi kwa kuanza safari mapema mno. Mara nyingine mguu ulikataa, na kifuniko kikashuka jetoni yake ikiwa ndani. Alipofika alisimama dirishani, jasho linamtiririka, akanitazama nikiwa nimeshika kalamu.

"Andika," alisema. "Njo kazi yako."

Njo yetu ni ndiyo ya vitabuni. Nikaandika. Kanuni ya karakana wakati ule ilikuwa barua tatu za onyo kwa mwaka, na ya tatu ilikuwa ya kumtoa mtu kazini. Alipata ya kwanza wakati wa mvua, ya pili baridi ilipoanza. Alikuwa amebakiza kama mwaka na nusu kufikia kustaafu kwake. Ya tatu ingemaliza yote hayo, pamoja na hospitali ya kampuni ambako mke wake, Mama Kapinga, alikuwa akitibiwa presha. Barua hizo ziliandikwa na mashine yangu ya chapa, na zilianzia kwenye kalamu yangu. Sitawaficha, nilianza kuchukia kwenda kazini. Saa moja kasoro dakika tano nilikuwa naangalia barabara kuliko nilivyoangalia ubao.

Siku moja nilimfuata mpaka kwenye mashine yake wakati wa mapumziko, nikaanza kumsihi.

"Tata Mutombo, kaka yangu iko na kinga ya bure ku nyumba. Kamata ile."

"Mi ni tourneur, Kisimba. Kinga ni ya batu ba makala."

"Hata patron anapanda!"

"Patron hata akipanda punda, ni patron." Akafuta mashine yake kwa kitambaa, taratibu, kama hajanisikia. "Na ile kintu yenyewe, mashini yenye haiwezi kusimama yeye moya, nitaiamini namna gani?"

Niliondoka nimekasirika. Nilimwona mtu mwenye kiburi, anayekubali kupoteza kazi kuliko kuonekana na muuza makala. Nilimjua miaka yote hiyo na nilimjua vibaya.

Ijumaa ya wiki ile Citoyen Ngandu aliniambia niandae barua ya tatu. Hakusema kwa ukali. Alisema itahitajika, leo au wiki ijayo, na hataki kuiandika kwa haraka. "Bakisha tarehe tu," alisema. Niliichapa. Jina, namba ya jetoni, kosa, uamuzi, na nafasi tupu ya tarehe. Niliiweka kwenye saraka na kuifunga, na siku ile sikula mchana.

Jumamosi asubuhi ikaja karatasi nyingine, hii kutoka makao makuu, kwa Kifaransa. Tangu Jumatatu, mfanyakazi yeyote asiye na vifaa vya kujikinga, yaani kofia ngumu, glavu na viatu vya kazi, asiruhusiwe kupita langoni. Citoyen Ngandu akaniambia niiweke kwa Kiswahili kifupi, kwenye mbao, kwa rangi. Nilitafuta neno moja la kubeba kofia, glavu na viatu vyote pamoja. Mkono wangu wa ziwani ulilipata mara moja, na nilijisifu kwa ufupi wake. Nilichora herufi kwa rula. Saa sita mchana, watu wakitoka, nikakitundika kibao langoni, nikasimama kando kidogo kukitazama. Niliona watu wanasimama, wanasoma, wanashika vichwa. Nikafikiri wanayajali maisha yao hatimaye.

Jumapili, nikitoka misa pale Manika, niliona mambo nikayafurahia bure. Muuza makala mmoja alikuwa amezungukwa na watu watano wa karakana wanamsihi. Jirani yangu alikuwa amepindua baiskeli kichwa chini uani, anaigonga kwa nyundo. Nikasema moyoni, kumbe barua yangu ilichelewa tu kuwaingia. Kisha Mama Kapinga, mke wa Tata Mutombo, akanisimamisha mbele ya kanisa, kitambaa chake cha ibada bado kiko kichwani.

"Tata Kisimba, bwana yangu anasoma ile mbao yako. Ile kinga, ni lazima?"

Kichwa changu kilikuwa kimejaa kofia ngumu. "Ni lazima, mama. Ni juu ya uzima yabo."

"Na mwenye hana?"

"Aombe ku barafiki. Mwenye hana, asikuye."

"Hata ya zamani?"

"Hata ya zamani, mama. Basi tu isikuwe na matundu."

"Na kama ni munene, inamupita?"

"Afunge na kamba."

"Na akianguka?"

"Njo kazi ya kinga, mama! Akianguka na kinga, haumie sana."

Alisema asante na kuondoka polepole. Nilimwona anatikisa kichwa mpaka alipopinda kona. Hata hapo sikuelewa.

Jumatatu nilifika langoni nikashindwa kuliona lango. Kulikuwa na baiskeli kila mahali. Baiskeli zenye magurudumu mawili, baiskeli zenye gurudumu moja, baiskeli isiyo na tandiko ambayo mwenyewe alikuwa amefunga mto wa kulalia. Watu wawili walikuwa wameshika usukani mmoja, kila mmoja upande wake, wanadai kwamba ni ya wote. Mmoja alikuwa na gurudumu la mbele tu, amelivaa begani, na alipoulizwa alijibu, "Ingine iko mu njia." Wengi wao walikuwa wameacha nyumbani kofia zao na glavu zao, maana ukitakiwa uje na baiskeli ya kuazima, nani atakumbuka kofia?

Citoyen Ngandu alifika juu ya baiskeli yake, akashuka, akatazama umati. Akasoma kibao. Akatoa mfukoni ile karatasi ya Kifaransa, akaisoma, akasoma tena kibao. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha ubao, tayari kukipandisha ili watu wachukue jetoni.

"Usifungue," akasema. "Usifungue kitu mpaka nielewe."

Akanigeukia. Jicho lake lilikuwa limeanza kucheza, sikujua kama ni kwa hasira.

"Kisimba. Kinga ni nini?"

Nikafungua mdomo nijibu, na hapo ndipo nikasikia neno lenyewe kwa masikio ya Kolwezi. Nikaomba ardhi inimeze. Ardhi ya hapa ni ngumu, kila mchimbaji anajua.

"Ni... ni casque, patron. Mu Kiswahili ya kitabu."

Kisha akaanza kucheka, akainama, akashika magoti. "Miezi ngapi natafuta batu bakuye na kinga? Miezi ngapi! Na we unabaleta bote siku moya, kwa kosa!" Watu waliposikia casque, yaani kofia ngumu, wakapokezana habari kwa nyuma, na kicheko kikatembea umati mzima. Yule wa gurudumu begani akaliweka chini.

Katikati ya kicheko hicho nikatazama ubao, na jetoni ya Tata Mutombo, na saa. Watu wote walikuwa wamefika, isipokuwa yeye. King'ora kikalia. Ile barua ilikuwa kwenye saraka, hatua mbili kutoka nilipo, na ilikosa tarehe tu, nami niliijua tarehe.

Ndipo nilipomwona mwishoni mwa barabara. Alikuwa anachechemea kwa haraka, anasukuma baiskeli kubwa nyeusi ya muuza makala, bado ina kamba za magunia nyuma. Alikuwa ameisukuma kilomita kumi. Ukisukuma chuma kama kile unatembea polepole kuliko mtu mikono mitupu, na alikuwa amechelewa dakika nane. Alifika mbele ya dirisha langu, akaiegemeza baiskeli kwenye kiuno chake, akasema kama kawaida:

"Andika, Kisimba."

Nikamtazama Citoyen Ngandu. Yeye akatazama kifuniko, ambacho kilikuwa bado kimefungwa tangu Jumamosi.

"Ataandika nini?" akasema. "Ubao haufunguke. Hakuna mutu mwenye anaingia, basi hakuna mwenye anachelewa."

Kifuniko ambacho hakijapanda hakiwezi kushuka. Sijawahi kushukuru kosa langu lolote kama nilivyolishukuru lile. Nikakaa juu ya kiti cha kibanda bila kuamriwa.

Lakini Citoyen Ngandu alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi hawezi kuacha. Alimpiga Tata Mutombo begani. "Hata we, tata! Hata we na kinga! Panda, tukuone!"

Watu wakafungua njia. Tata Mutombo hakusogea. Alishika usukani kwa mikono miwili, mikono ambayo niliijua kuliko uso wake.

"Siwezi, citoyen," akasema. "Mi sijue kupanda kinga. Tangu nazaliwa, sijue."

Hakuna aliyecheka. Nilikumbuka ile mashine isiyoweza kusimama peke yake, na nikaona aibu iliyonishika mpaka masikio. Mtu mzima mwenye hadhi yake, anayekereza chuma kwa kipimo cha unywele, angeanguka vipi mbele ya vijana barabarani? Alikuwa amechagua kuonekana mwenye kiburi. Kiburi kilimuuma kidogo kuliko hilo.

Citoyen Ngandu alivua kofia yake, akaivaa tena. "Kisimba ni mwalimu," akasema. "Atakufundisha. Na mpaka ujue, atakubeba nyuma."

Kisha akatoa amri ya pili, ambayo ndiyo iliyotuletea banda lililojaa kama mnavyoliona leo. Wote walioacha kofia na glavu nyumbani warudi wakazichukue, kwa baiskeli, na ubao utafunguliwa wakirudi. Waliondoka kwa kelele kama watu wa harusi. Wenye gurudumu moja walibebwa na wenye mawili. Saa mbili na nusu karibu wote walikuwa wamerudi, kofia vichwani, wanashangaa wenyewe. Walikuwa wamekwenda Manika na kurudi kwa muda ambao kwa miguu usingewafikisha huko. Barua yangu iliwaambia hivyo mwezi mzima. Miguu yao iliwaambia asubuhi moja, na tangu siku hiyo banda halikubaki tupu. Niliuliza kama nikifute kibao. "Usifute," alisema Citoyen Ngandu. "Peleka ku banda. Kule iko sawa."

Wiki tatu nilimbeba Tata Mutombo nyuma ya ile baiskeli ya kaka yangu, amekaa upande, amenishika ovaroli, ananung'unika kila tukivuka shimo kwamba yeye si gunia. Hakuchelewa hata siku moja. Mchana, wakati wa mapumziko, tulifanya mazoezi nyuma ya karakana. Kwanza alikataa kupanda mpaka aivunje baiskeli yote na kuijenga upya. Alisema gololi zake ni aibu, akakereza ekseli mpya kwa mkono wake. Kisha akavaa kofia ngumu na glavu za kuchomelea, akafunga viatu vya kazi, na mimi nikashika tandiko kwa nyuma. Alikuwa ndiye mtu pekee wa Kolwezi aliyekuwa na kinga kwa Kiswahili chote, cha vitabuni na cha hapa.

Alianguka mara nyingi. Kila alipoanguka alisimama, akaikagua baiskeli kwanza, halafu akajikagua yeye. Siku ya kumi na kitu nilikuwa nakimbia nyuma yake nimeshika tandiko, nikajikwaa, nikabaki mikono mitupu. Yeye hakujua. Aliendelea hadi mwisho wa uwanja, akageuka polepole kwa duara kubwa, akaniona nimesimama mbali.

"Nani anashika?" akapiga kelele.

"Hakuna mutu!"

"Bongo!" Alimaanisha uongo.

"Hakuna mutu, tata!"

Akapita mbele yangu mara ya pili, macho yametulia mbele, na sikuwahi kumwona anatabasamu hivyo.

Citoyen Ngandu aliniuliza mara moja tu habari za ile barua. Nikamwambia bado haina tarehe. Akasema ibaki vile, na ikabaki kwenye saraka yangu, chini ya kopo la gundi.

Kwa ninyi mtakaokalia kiti changu, yote niliyojifunza juu ya kuwafanya watu waje kwa baiskeli yanatosha mfukoni. Bati juu ya baiskeli, jicho la mlinzi, pampu kwenye mnyororo, maji ya kunawa, huruma kwa tairi lililopasuka, na mkuu anayetangulia. Mkiona mtu anakataa baada ya hayo yote, msiseme ana kiburi. Muulizeni faraghani kama anajua kupanda.

Tata Mutombo alimaliza muda wake. Siku ya mwisho aliwaaga watu mmoja mmoja, kila mashine, kila benchi, mpaka king'ora cha jioni kikapita na karakana ikabaki kimya. Nilimsubiri dirishani anirudishie jetoni. Alipokuja nilitoa ile barua kutoka chini ya kopo, nikampa, kwa sababu sikutaka iendelee kulala na mimi. Aliisoma yote, akainua macho.

"Tarehe iko wapi?"

"Haikuwa nayo, tata."

Akanyoosha mkono, akachukua kalamu yangu nyekundu, ambayo haikuwa na meno. Akaandika tarehe ya siku ile kwenye nafasi tupu, kwa mwandiko wake wa namba za vyuma, akanirudishia karatasi.

"Sasa iko sawa," akasema. "Leo njo nachelewa. Kurudi ku nyumba."

Akaenda bandani, akapanda, akayumba mara mbili kama alivyoyumba siku zote mwanzoni. Kisha akanyooka, akashika barabara ya Manika bila haraka.